Fulana ya nyuzi za fedha au vibandiko vya jeli?

Umeme wa moyo ni mdogo sana, takriban milivolti 1 ukipimwa juu ya ngozi, na kwa sababu hiyo ubora wa kipimo hutegemea mno namna kifaa kinavyogusana na mwili. Vibandiko vinavyotumika hospitalini kwa upimaji wa saa 24 hadi 48 vina jeli yenye chumvi, ambayo hupitisha umeme vizuri tangu dakika ya kwanza. Lakini jeli hiyo hukauka, gundi huwasha, na mgonjwa akivibandua mara nyingi hubaki na alama nyekundu kifuani. Fulana iliyofumwa kwa nyuzi za nailoni zilizopakwa madini ya fedha haina gundi wala jeli, na la kupendeza ni kwamba hupima vizuri zaidi mvaaji anapotoka jasho kidogo, kwa kuwa jasho lenyewe hushika nafasi ya jeli. Udhaifu wake ni mwendo: ikilegea, kila hatua huchora mawimbi ya uongo kwenye mchoro wa umeme wa moyo, na kufuliwa mara kwa mara huchakaza fedha iliyomo. Kwa mgonjwa mwenye maumivu ya kifua ningechagua vibandiko bila kusita. Kwa ufuatiliaji wa majuma mengi nyumbani ningechagua fulana, mradi imkae mvaaji barabara.