Mwaka mmoja na nusu na Raptor 700 kwenye mchanga wa Kigamboni

"Sasa mwanangu, mashine isiyobeba hata gunia la mihogo ni mashine ya nini?"

Swali hilo aliniuliza mzee mmoja wa Kibada ambaye shamba lake limepakana na langu huko Kimbiji. Ilikuwa siku ileile ninashusha Yamaha Raptor 700, kwadi ya michezo, yaani pikipiki ya matairi manne, kutoka kwenye kirikuu. Nilimpa shikamoo yake, nikakosa jibu la swali lake. Yeye naye ana kwadi, ila ni ile ya kazi: inavuta kwa matairi yote manne, haina klachi ya kushika, na ina vyuma vya kuwekea mzigo mbele na nyuma. Tangu siku hiyo, kila tukikutana sisi wachache wenye kwadi upande huu, swali lake ndilo linalofungua baraza. Nimekaa na mashine hii miezi 18 sasa na naona nimeielewa. Nawaandikia wale wanaoipigia hesabu, maana fedha niliyolipa ingeninunulia bodaboda mpya nne na nikabaki na chenji.

Kwanza kilichopo. Injini ni ya silinda moja, cc 686, pistoni yenye upana wa milimita 102. Ukilinganisha na bodaboda ya cc 150, hii inaizidi zaidi ya mara nne, na yote hayo yanakwenda kwenye ekseli ya nyuma peke yake kwa njia ya cheni. Gia ni tano pamoja na rivasi. Ikiwa na mafuta na oili inakaribia kilo 192. Tangi linachukua lita 11. Mafuta huyazungushi kwa kiganja kama kwenye bodaboda, unayabonyeza kwa dole gumba la kulia, na hapo ndipo wengi wanapopata mshtuko wa kwanza: kidole kikibanwa na woga, mashine inazidi kukimbia. Nimeona mtu mzima, dereva wa miaka mingi, akiingia kwenye michongoma kwa sababu hiyo.

Mimi niliinunua kwa nia mbili, na nasema wazi kwamba moja ilikuwa nia mbovu. Nilitaka chombo cha kunipeleka ndani ya shamba wakati wa masika, barabara inapogeuka uji, na nilitaka pia chombo cha kunipumzisha mwili Jumapili baada ya wiki nzima ya kuhesabu mizigo ghalani. Nikajiambia kwamba kwa cc 686 haishindwi na kitu. Wiki ya pili nikafunga nusu gunia la mihogo nyuma kwa mpira. Pale nyuma hakuna chuma cha kubebea, ni plastiki tu ya kuzuia tope. Mzigo ukalemea upande mmoja, matairi ya mbele yakawa mepesi, usukani ukawa hauniambii kitu. Nilikwenda mwendo wa mguu mpaka nyumbani, na plastiki ilikuwa imepata ufa. Mashine haikuwa na kosa lolote. Nilikuwa nimempa mkimbiaji kazi ya hamali.

Basi hapo ndipo ubishi wetu ulipo. Mzee wa Kibada anashikilia kwamba vyombo hivi vilitengenezwa kwa ajili ya mashamba, na kwamba hizi za michezo ni upotovu uliokuja baadaye. Kuna dogo wa Mbezi mwenye YFZ450R, kwadi nyingine ya Yamaha, ambaye anasema kinyume chake kabisa: kwake yeye hata Raptor yangu ni laini mno, kwa sababu yake imejengwa kwa mashindano, iko chini, imetanuka, na haina hata rivasi. Na kuna dada mmoja anayekodisha kwadi kwa wageni ufukweni, ambaye hataki kuisikia ya michezo hata ukimpa kwa bei ya kutupa. Aliniambia, "Kaka, mgeni hajui klachi, hajui mchanga, na amekuja kufurahi. Nimpe hiyo nimuue?" Zake ni ndogo, hazina gia za kubadilisha, na kwa biashara yake nakubaliana naye moja kwa moja.

Kwa mzee, heshima yake ipo, lakini kwenye historia sikubaliani naye. Honda ilitoa chombo chake cha kwanza cha namna hii mwaka 1970, kikiwa na matairi matatu manene, kwa sababu wauzaji wake Marekani walihitaji kitu cha kuuza msimu wa baridi, pikipiki zinapolala. Watu walikichezea kwenye theluji na mchanga. Wakulima walikuja kuona faida yake baadaye, na ndipo vikaongezwa vyuma vya mizigo. Yale ya matairi matatu yalipindua watu wengi mpaka mwaka 1988 mauzo yake yakasimamishwa Marekani, na kabla ya hapo, mwaka 1985, Suzuki ilikuwa imeshatoa LT250R, ya matairi manne na ya michezo hasa. Kwa hiyo mchezo haukuchomekwa baadaye. Umo tangu mwanzo, na kazi ndiyo iliyofuata.

Sasa ubora. Ubora wa Raptor hauonekani barabarani wala kwenye njia ya shamba yenye mashimo ya maji. Unaonekana maji yakipwa. Siku za bamvua, bahari ikivuta mbali, ufukwe wa huku kuelekea Pemba Mnazi unaacha ukanda mpana wa mchanga mbichi, mgumu, usio na alama ya mguu. Unaingia gia ya tatu, unasimama kidogo juu ya vikanyagio, magoti yamelegea, na mashine inatulia chini yako. Shokomzoba za mbele zinaacha matairi yapande na kushuka sentimita 23, na ile moja ya nyuma zaidi kidogo ya sentimita 25, kwa hiyo vile vifereji vilivyochorwa na mawimbi, ambavyo kwenye bodaboda vinakutoa meno, hapa unavisikia kwa mbali kama ngoma ya jirani. Kwenye kona unalaza mwili kwa ndani, kwa sababu kwadi yenyewe hailali. Ukikosea hilo inakutupa nje. Ukilipatia, matairi ya nyuma yanateleza taratibu, unayarudisha kwa dole gumba, na ile sauti nzito ya silinda moja inapanda bila kupapatika. Nimeendesha pikipiki tangu nikiwa kijana. Sijawahi kupata chombo kinachomsikiliza mtu kiasi hicho.

Hayo ni mashine ikiwa mahali pake. Mita 20 tu juu ya hapo, kwenye mchanga mkavu, habari inabadilika. Mwezi wa nne wa umiliki wangu nilisimama kwenye mchanga laini kupokea simu. Nilipoondoka, matairi ya nyuma yakachimba. Nikaweka rivasi, yakachimba zaidi, mpaka ekseli ikalala juu ya mchanga. Maji yalikuwa yameanza kujaa. Nilichimba kwa mikono kama robo saa kabla wavuvi watatu waliokuwa wakitengeneza nyavu hawajaniona. Mmoja akaleta ubao wa ngalawa, wakaunyanyua mkia wa mashine, tukausukumiza ubao chini ya matairi. "Usiibonyeze kwa hasira, mjomba," akaniambia mkubwa wao, "isindikize." Tuliitoa povu la wimbi likiwa limefika kwenye matairi ya mbele. Ya mzee wa Kibada ingetoka pale yenyewe, ikivuta kwa matairi manne, na hili nimemwambia mbele ya wenzetu. Tangu siku hiyo sisimami kwenye mchanga mkavu, na ninatembea na kipande cha ubao kilichofungwa mbele.

Chumvi ndiyo inayokula fedha. Kila nikitoka ufukweni naiosha kwa maji ya kisima siku hiyohiyo, bila kungoja kesho, kwa maji ya kumwagika tu, kwa sababu pampu ya nguvu inasukuma chumvi na mchanga ndani ya beringi. Cheni iko wazi kabisa. Ya kwanza niliimaliza ndani ya miezi 7 pamoja na spoketi zake, kwa uzembe wangu wa kupaka grisi nzito inayoshika mchanga na kuwa kama msasa. Sasa naipaka oili nyepesi ya cheni, naifuta, basi. Sponji ya kichujio cha hewa naifua kila baada ya safari mbili, naikausha, naipaka oili yake. Kwenye injini tumia oili ya pikipiki yenye maandishi JASO MA, kwa sababu klachi inaogelea kwenye oili hiyohiyo, na baadhi ya oili za gari zinaifanya iteleze. Kariakoo na Gerezani utapata beringi, plagi, hata cheni ukienda na ya zamani mkononi. Pedi za breki na bushi za mikono ya mbele nimelazimika kuagiza na kungoja. Anayenunua iliyotumika ainyanyue mbele, ashike tairi juu na chini alitikise. Ikigonga, bei ishuke au aachane nayo. Yangu muuzaji aliniambia haijawahi kugusa bahari, na fundi alipofungua ekseli tukakuta kutu ya miaka.

Jambo lingine dogo ambalo limeharibia wengi: upepo wa matairi. Kijana wa pancha amezoea kujaza bodaboda, atakuwekea psi 30 na kukugongea tairi kwa furaha. Kwadi ya michezo inataka psi chache sana, chini ya 10, tairi libonyee na kushika mchanga. Nilimsikia dogo mmoja akilalamika kwamba mashine yake inaruka kama mpira na kwamba ubora ni wa hovyo. Tulipima tukakuta 28. Nunua kipimo chako mwenyewe.

Na tafadhali, lami siyo mahali pake. Haina difu nyuma, ekseli ni chuma kimoja, matairi yote mawili yanazunguka sawasawa, kwa hiyo kwenye kona ya lami inakukatalia kisha inaruka. Mimi naibeba kwa kirikuu kupitia daraja mpaka huku, na naiacha huku. Mishikaki pia haipo: kiti ni cha mtu mmoja, ni kirefu ili wewe usogee mbele na nyuma. Mtengenezaji mwenyewe anasema isiendeshwe na mtoto wa chini ya miaka 16. Mpwa wangu wa miaka 13 amelia, na ataendelea kulia. Waliozoea bodaboda wana hatari yao ya pekee, ya kushusha mguu chini wakihisi inayumba, na tairi la nyuma linaudaka mguu huo. Nimefunga nyavu za miguuni pande zote mbili, na siipandi bila helmeti na buti.

Kuna la ufukwe wenyewe. Kasa wanataga kwenye fukwe zetu za kusini, juu ya mstari wa maji kujaa, usiku. Matairi yetu yanashindilia mchanga ule, na wale watoto wa kasa wakitoka wanakwama kwenye mifereji tunayoiacha. Nimewaomba wenzangu, na wengi wamekubali: tunapita chini tu, kwenye mchanga mbichi, mchana, na tunapunguza mwendo tukiona nyavu au akina mama wanaookota chaza. Dogo wa Mbezi alibisha wiki mbili. Sasa yeye ndiye anayewakemea wageni.

Mihogo yangu inabebwa na guta la kijana wa kijijini, namlipa kwa safari, na inafika bila ufa. Masika natembea kwa miguu au naomba lifti kwa mzee, ambaye bado ananiuliza swali lake. Jumapili iliyopita nilimjibu: "Mzee, yako inabeba gunia. Yangu inanibeba mimi." Akaitazama Raptor kwa muda, akainama akashika cheni, akanionyesha viungo viwili vilivyoanza kukaza. Tumevilainisha pamoja. Bamvua inayofuata nitashuka nayo tena, na spoketi za akiba nimeshaziagiza.