Duka la zawadi katikati ya Kampala: ingia ukiwa na kiwango chako

Muhula huu binti yetu ameleta nyumbani kadi tatu za mwaliko wa siku ya kuzaliwa katika muda wa wiki tano, na kwa kuwa ada ya shule ilikuwa imeshatukausha mfuko, mimi na mama yake tulikubaliana kwamba zawadi ya mwanafunzi mwenzake isizidi shilingi 20,000, na ya mtoto wa ndugu isizidi 50,000. Nikiwa na kiwango hicho niliingia katika duka moja la vitu vya kuchezea, karibu na kituo kikuu cha zamani cha teksi.

Rafu zimepangwa kwa umri wa watoto, jambo linalomfaa mzazi asiyejua mtoto wa miaka saba anapenda nini. Bei, hata hivyo, imebandikwa chini ya boksi, nami niligeuza maboksi tisa kabla ya kupata moja lililo ndani ya uwezo wangu. Gari la rimoti la 65,000 halina hata betri. Muuzaji, kijana mwenye adabu, alinisihi: “Ssebo (yaani bwana), ongeza elfu kumi tu, mtoto atafurahi.” Elfu kumi ni nusu ya bajeti yangu.

Nilichokipenda kilikuwa rafu ya chini kabisa: ubao mdogo wa omweso, mchezo wa jadi wa Uganda unaofanana na bao, wenye mashimo 32 yaliyochongwa vizuri, kwa shilingi 18,000. Kete zinatakiwa kuwa 64. Nilizimwaga mezani, nikahesabu, zikawa 61. Kijana hakubishana, bali alifungua mfuko mwingine akajazia tatu, na kwa hilo nampongeza. Kilichonikera ni kulipishwa 5,000 za karatasi ya kufungia bila kuambiwa mapema, hivyo zawadi iliyokuwa ndani ya kiwango ikakivuka mlangoni.

Kikuubo, eneo la maduka ya jumla hapa Kampala, ni nafuu kwa anayenunua penseli za rangi kwa dazeni na kuziweka kabatini zikisubiri mialiko, ila msongamano wa pale haumfai mtu aliyeongozana na mtoto.

Kwa mwaliko wa tatu nilirudi katika duka lile lile kuchukua ubao mwingine, nikiwa na karatasi yangu ya kufungia, niliyoinunua kwa shilingi 1,000, mkononi, na kete nikazihesabu kabla ya kulipa.