Nilimkodi mpiga kinubi cha nyuzi za shaba, nikamweka chumba kibaya

Nianze na bei, maana kila ninayemsimulia huuliza hiyo kwanza: euro 400, awamu mbili za dakika 25, usafiri ndani yake. Nimempa nyota nne. Ile ya tano niliipoteza mimi, si yeye.

Mama mkwe alikuwa anatimiza miaka 70. Kwao ni upande wa Derry, kaskazini mwa Ireland, na alishatuonya mapema: hataki DJ, hataki mtu wa gitaa. Mke wangu akasema tutafute kinubi. Mimi kinubi nilikijua kwa Mfalme Daudi na kwa ile picha ya kwenye sarafu za euro za huku Ireland, basi. Nikadhani ni lile dude kubwa la hotelini linalopigwa wageni wakinywa chai.

Kumbe hiki kingine kabisa. Ni kinubi cha kale cha Wagaeli, wenyeji wa Ireland na Scotland: nyuzi za shaba, si za utumbo wala nailoni, na kinapigwa kwa kucha. Sanduku la vile vya zamani lilichongwa kutoka gogo moja la mwerebi. Kile cha kwenye sarafu kimechorwa kwa kufuata kinubi kikongwe kinachotunzwa Trinity College, Dublin. Dada tuliyemkodi alikuja na nakala ya kinubi cha aina hiyo, akakipakata kikiegemea bega la kushoto. Nilipomsalimia alinipa mkono kwa tahadhari, kama bibi harusi ambaye hina haijakauka. Kucha ndiyo mtaji wake.

Siku chache kabla alikuwa ametuma masharti: kiti kisicho na mikono, mbali na moto, mbali na mlango, na dakika 40 za kukaza nyuzi kabla wageni hawajaingia. Nikaona huyu ana madaha. Nikampa dakika 15, tena kwenye ukumbi wa chakula, karibu na mlango wa jikoni.

Ilikuwa aibu. Watu 60, uma na visu, watoto wanakimbizana, mlango unafunguka na kufunga, baridi inaingia. Shaba ikipata baridi hubadilika sauti, kwa hiyo kila baada ya kipande alikuwa akiinama na ufunguo wake kurekebisha. Nikamletea maiki nikijiona nimeokoa jahazi. Spika ikaanza kuvuma, maana uzi wa shaba ukishaguswa haunyamazi. Unaendelea kulia kama kengele, na mpigaji inabidi auzime kwa kidole akiwa tayari anagusa mwingine. Nusu ya ufundi uko kwenye kuzima. Asipozima, sauti zote zinakuwa uji. Hayo yote maiki iliyafuta. Shemeji yangu naye akaagiza wimbo wa redioni, akajibiwa kwa upole kwamba kinubi hiki hakina vishikizo vya kubadilishia noti. Kilivyokazwa ndivyo kitakavyoimba. Akanuna kidogo.

Mama mkwe ndiye aliyekata shauri. Akainuka, akamshika yule dada kiwiko, akampeleka kwenye sebule ndogo ya pembeni. Waliotaka walifuata, hatukuzidi 25. Mlango ukafungwa.

Safari hii alikaza nyuzi bila haraka, akianzia mbili za katikati zenye sauti moja, wenyewe huziita dada. Kisha akapiga kipande kifupi ambacho tangu zamani kazi yake ni kupima kama kinubi kimekaa sawa. Mimi mtoto wa Tanga nikakumbuka taksimu, ule utangulizi wa kubuni papo hapo, wa kanuni, ala ya nyuzi nyingi, kabla taarabu haijaanza: vidole vinanusa njia kwanza. Sauti yenyewe haikuwa kubwa, lakini hapakuwa na pembe ya chumba isiyofikiwa.

Kati ya vipande alisimulia, kwa maneno machache. Julai 1792 wapiga vinubi waliobaki waliitwa Belfast. Wakaja 11, mmoja wao kutoka Wales, wengi vipofu. Edward Bunting, kijana wa miaka 19 aliyepiga kinanda cha kanisani, alipewa kazi ya kuandika wanachopiga. Mzee kuliko wote alikuwa Denis Hempson, kipofu aliyepita miaka 90, na ndiye pekee aliyekuwa bado anatumia kucha ndefu kama wa kale. Bunting baadaye alichapisha nyimbo hizo zikiwa zimepangwa upya kwa ajili ya piano. Dada huyu anarudi kwenye daftari za mkono za Bunting, kutafuta alichosikia Bunting kabla hajakirembesha. Aliposema Hempson alikuwa mtu wa Derry, mama mkwe akajibu, "Najua," kana kwamba ni jirani yake.

Kasoro? Awamu ya pili ilipita dakika zake, chakula kikapoa. Pia kama unataka watu wacheze, usijisumbue. Utamtesa yeye na utawakera wageni.

Novemba tunamwita tena, siku ya ndoa ya mdogo wake mke wangu. Nimeshaomba ile sebule, dakika 40 kamili, na yule mtu wa baa azime friji yake. Inanguruma, na hakuna uzi unaopatana nayo.