Fedha za mtaa: wapange madiwani au wakazi?

Njia ya kwanza tumeizoea: tunachagua madiwani, wanakaa kikaoni, wanapitisha bajeti, sisi tunakuja kusikia baadaye. Inakwenda haraka, na mambo yasiyo na mvuto kama mabomba ya majitaka hayasahauliki, maana mhandisi yupo pale mezani.

Ya pili ni bajeti shirikishi. Porto Alegre, Brazil, waliianza mwaka 1989: wakazi walikutana eneo kwa eneo, wakapanga vipaumbele, wakachagua wajumbe wa kufuatilia. Mitaa ya pembezoni iliyokuwa haina wa kuisemea ikapata maji na lami. Paris nayo ikaingia mwaka 2014, kwa kura, ila kwa sehemu ndogo tu ya fedha za maendeleo.

Kasoro yake? Mikutano inachosha. Mama mwenye mtoto mgongoni huondoka kabla ya kura. Hubaki wenye muda na maneno mengi. Hata hivyo mimi naegemea huku. Diwani akikosea, nasubiri uchaguzi. Taa ya barabarani niliyoipigia kura isipowaka, kesho yake najua pa kuulizia.