Desa la nadharia za jamii: nunua, ila usilimeze zima

Steshenari zinazozunguka vyuo vya Dodoma huuza madesa ya nadharia, yaani muhtasari wa masomo uliochapwa, muhula hadi muhula, na bumu (fedha za mkopo wa wanafunzi) likiingia ndiyo zaidi. Tunalolipitia hapa ni lile nene la somo la Maendeleo: karatasi za A4 zilizochapwa pande mbili, jalada la plastiki, bila jina la mwandishi wala mwaka. Bei hufuata idadi ya kurasa, na baindi hulipiwa mbali.

Kwa kukumbushia siku mbili kabla ya mtihani, linafaa. Hatua tano za ukuaji wa uchumi za mchumi Rostow (1960) zimewekwa vizuri, Walter Rodney, mwanahistoria aliyeandika jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika, anaeleweka, na Azimio la Arusha la 1967 limefupishwa bila kupotoshwa. Tatizo ni kwamba kila mwanazuoni kapewa "maana, sifa, faida, udhaifu" wake, akafungiwa humo peke yake. Hakuna swali hata moja walilowekewa wote mezani. Msomaji anatoka anawajua kwa majina na miaka, lakini hajui wanabishania nini.

Sura ya njaa ndiyo ingekuwa tamu kuliko zote, na ndiyo iliyoharibika zaidi. Malthus (1798), aliyedai watu huongezeka haraka kuliko chakula, kapewa idadi ya watu, mchumi Amartya Sen (1981) kapewa "umaskini", basi. Hoja ya Sen ni pana kuliko hivyo: chakula kinaweza kuwapo sokoni na mtu akafa njaa kwa kukosa njia halali ya kukipata, iwe ujira, mali ya kuuza au msaada anaostahili. Ndiyo maana aliichambua njaa ya Bengal, India ya wakati wa Waingereza: chakula cha mwaka 1943 kilizidi cha 1941, ambao haukuwa na njaa, na bado watu walikufa kwa mamilioni. Ukiuacha mfano huo, Sen na Malthus wanaonekana kusema jambo moja.

Wala hapakuwa na haja ya kwenda Bengal peke yake. Mtunya, njaa iliyoipiga Ugogo, nchi ya Wagogo hapa Dodoma, kuanzia 1917 hadi 1920, haimo kabisa, katika desa linalouzwa Dodoma! Anayetazama mazingira ataanza na mvua: msimu ni mmoja, milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, na ikikatika katikati ya msimu uwele na mtama huungua shambani. Mwanahistoria wa ukoloni ataleta Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia: Wajerumani walichukua nafaka, ng'ombe na wapagazi, na Waingereza walioiteka Dodoma mwaka 1916 nao wakachukua. Anayemfuata Sen atauliza, ng'ombe wakishaondoka, Mgogo abadilishe nini apate nafaka? Swali hilo linaikutanisha mvua na vita, kwa kuwa mifugo ndiyo ilikuwa akiba ya mwaka mbaya. Malthus anabaki na kibarua kigumu: kueleza kwa nini iwe miaka ile hasa.

Kwingineko, mwanasosholojia Weber kafichwa chini ya Karl Marx kama kivuli chake. Mwenzake Durkheim (1897) kabakizwa na aina nne za kujiua za kukariri, wakati uzito wake uko kwenye njia: alilinganisha viwango vya makundi ili kuonyesha kuwa hata tendo la mtu mmoja lina sababu za kijamii.

Kabla ya kulipa, fungua palipo na majedwali. Mstari mweusi unaoshuka ukurasa mzima ni dalili ya kopi iliyotolewa kwenye kopi, na tarakimu hapo hazisomeki. Omba lichapwe upya kutoka kwenye faili. Hakiki namba za kurasa, hasa zinapokutana sura mbili, maana mashine ikivuta karatasi mbili kwa pamoja kurasa mbili huruka na muuzaji haoni.

Mwambie pia aingize karatasi tupu kila baada ya sura kabla ya kubaindi. Juu andika swali moja, kisha kwa kila mwanazuoni jaza: anauliza nini, ushahidi wake upi, na kitu gani kingemkanusha. Hilo la mwisho desa halina jibu lake popote. Litafute kwenye vitabu vyenyewe, maktaba ya chuo au ya mkoa. Maswali ya kuchagua herufi utayajibu kwa desa pekee. Insha, hapana. Sura ya jinsia ina kurasa mbili za fasili tupu, iruke.