Flashi ilipona, vilivyokuwa ndani vikazikwa: uzoefu wangu na fundi wa Luthuli

Kusema kweli flashi iko sawa. Inafunguka, inaandikika, ni vile tu siku hizi inajiita jina ambalo sijawahi kulisikia. Hasira yangu ni ya kitu kingine.

Mimi ni mweka hazina wa chama, na humo ndani ndimo kila kitu kilikuwa, nani amekopa, nani amelipa nusu, faini za wachelewaji, miniti za mikutano, zote. Ikaanza mambo yake, ukiichomeka kwa laptopu inakuambia ingiza diski, ukiangalia ukubwa ni sufuri. Nikaambiwa Luthuli, ile barabara ya maduka ya elektroniki Nairobi, kuna kijana ni moto kwa hivi vitu.

Akachomeka, akafungua ChipGenius, na hapo alinibamba, maana ile programu haina habari na jina lililoandikwa kwa plastiki, inasoma VID na PID, yaani namba za mtengenezaji na za bidhaa, na kukutajia kontrola yenyewe, ile chipu inayoendesha flashi, yangu ikatoka ya kampuni ya Silicon Motion. Akachimba kwa folda yake akatoa MPTool, programu ya kuandaa flashi upya, ya hiyo chipu kabisa, kwa sababu ya kampuni nyingine kama Phison ama Alcor haiwezi kuigusa. Hizi ni programu za kiwandani, hazikuundiwa mimi na wewe, nusu ya vitufe ni Kichina. Akabonyeza. Asilimia zikapanda polepole, mwishowe kiboksi kikawa kijani, nami nikaanza kutoa pesa nikicheka.

Nikafungua flashi. Tupu!

"Fundi, mafaili yako wapi?"

Hakuinua hata macho kutoka kwa simu. "Siste, ulisema flashi haifanyi. Si sasa inafanya?"

"Kulikuwa na rekodi za chama humo!"

"Hukusema."

"Si wewe ndio ungeuliza?"

Akanyoosha mkono. "Ni mia tatu."

Jamani. Mtu anakuletea flashi iliyokwama, unadhani anahurumia plastiki? Na msinianzie na za bekapu, niko na masikio.

Nimekuja kuelezwa kwamba kontrola hukaa na ramani ya mahali kila kipande cha data kimelala, na MPTool haitengenezi hiyo ramani, inaunda mpya, huku ikifuta chipu ya kumbukumbu ikitafuta sehemu mbovu iziweke kando. Ikishapita hapo hata PhotoRec, programu ya kuokoa mafaili yaliyopotea, haina cha kuokota. Kabla ya hapo kulikuwa na njia, kuna mafundi wanaong'oa chipu ya kumbukumbu na kuisoma kando, ni ghali, lakini iko. Huyu alikuwa anajua. Hawezi kuwa na folda zimepangwa namna ile na asijue. Sasa wanaodaiwa na chama wananisalimia kwa upendo usio wa kawaida, na mimi jioni nakaa nikipekua meseji za M-Pesa moja moja.

Kwa hivyo msiguse hizi programu, ni sumu.

Sawa, ngoja. Shemeji yangu alinunua flashi kwa mtu wa barabarani, imeandikwa 64GB, picha zikawa zinaharibika tu. Kwa vile nilikuwa na uchungu nikashusha H2testw, hiyo inajaza flashi na kuisoma tena, ikaonyesha humo mna 8 peke yake. Nikatafuta MPTool yake (antivirasi ilipiga kelele kweli kweli), nikaiendesha mwenyewe nikiomba Mungu, ikarudi 8 za ukweli na mpaka leo inashika. Kwa flashi ambayo haina kitu unachokililia, hiyo programu ni tamu ajabu na ni ya bure.

Kwa hivyo programu naipa nyota nne, moja nimekata kwa sababu ya kile Kichina. Fundi nampa moja, kwa vile kontrola aliijua haraka. Hapana, nimekumbuka ile "hukusema" yake. Hata hiyo moja airudishe, pamoja na mia tatu zangu.