Wazee wa mafao pale Soweto, Mbeya: huduma ni bure, ila jiandae kuulizwa

Kama wewe ni mtumishi wa umma, umebakiza mwaka au miwili ufikishe ukomo wa kazi, na uko Mbeya, Rungwe, Kyela au hata Songwe, kuna mahali pa kupitia kabla hujaanza kukimbizana na mafaili. Hawana bango. Ukishuka Soweto uliza "kwa wazee wa mafao", bodaboda wanapajua. Ni chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya shule: meza mbili, benchi ambalo bila shaka lilitoka kanisani, kabati la chuma lenye kufuli, na birika la chai ya rangi. Wanaokaa pale wote ni wastaafu. Yupo mama aliyekuwa mhasibu wa halmashauri, afisa utumishi wa zamani, walimu, mzee aliyekuwa karani wa mahakama, na bibi shamba mmoja ambaye ndiye mwenye birika. Wanakuja Jumanne na Alhamisi. Hakuna anayelipwa. Hawatoki PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, wala si tawi la chama cha wafanyakazi, na hilo wanakuambia kabla hujakaa.

Mimi ni muuguzi, nimeajiriwa 1991, nastaafu mwakani kwa lazima, miaka sitini. Nilikwenda kwa sababu taarifa yangu ya michango ilikuwa na mapengo, na kwa sababu kila mtu kazini ana kikokotoo chake kichwani. Ukikaa chumba cha chai cha wauguzi utasikia hesabu tano za mafao ya mtu mmoja, zote zimeapiwa.

Nianze na mapengo. Miezi kadhaa ya michango haionekani, ya kipindi nilichohama kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Kule nilikotoka waliniambia niulize nilikohamia, na nilikohamia wakanirudisha nilikotoka. Afisa utumishi mstaafu hakutaka hadithi hiyo. Alisema, "Mama, hati za mshahara unazo?" Ninazo, zote, kwenye mfuko wa rambo, maana marehemu mama yangu alinifundisha kutotupa karatasi yenye mhuri. Akazimwaga mezani, akazipanga kwa mwaka, akachukua rula na kuanza kuteremka mstari kwa mstari: cheki namba, jina, mshahara wa msingi, makato ya mfuko. Alipofika kwenye miezi ile akanigeuzia karatasi. Makato yapo. Nilikatwa. Basi shida ni kwamba mwajiri hakuwasilisha, au aliwasilisha kwa namba isiyo yangu. Akaniandikia barua hapohapo, kwa mkono, akaniambia niichape na kuambatisha nakala za hati zile, nipeleke kwa mwajiri, nakala kwa mfuko, na kila nakala ninayobaki nayo igongwe mhuri wa "imepokelewa" na tarehe. "Bila mhuri hukupeleka," alisema. Jina langu nalo lilikuwa na tatizo, la ubini upande mmoja na la ndoa upande mwingine. Hilo karani wa mahakama alilimaliza kwa kunielekeza kwenye hati ya kiapo, dakika chache tu.

Hadi hapo ningewapa alama zote. Lakini kilichonifanya niandike ni kingine.

Nilidhani hawa ni watetezi wa wastaafu, basi. Kumbe wao wanasema wanalinda mfuko, na mfuko una maadui wengi, wengine ni sisi wenyewe. Siku nilipokuwa nasubiri, aliingia kijana wa koti la jinzi, akaamkia benchi zima vizuri. Shida yake ilikuwa uhakiki, yaani mstaafu kuthibitisha kwamba yu hai ili aendelee kulipwa. Siku hizi mstaafu anaweza kujihakiki kwa simu kupitia PSSSF Kiganjani, inasoma sura, na huyu alisema babu yake amezidiwa, hawezi kukaa mbele ya simu. Je, hakuna njia nyingine?

"Amelazwa?" afisa utumishi akamwuliza.

"Yuko nyumbani, Kyela."

"Kyela ipi?"

Kijana akataja kijiji. Mzee akachukua simu yake, akavaa miwani. "Kule tuna mwalimu mwenzetu. Atapita kumwona leo leo, amsaidie."

Kimya. Kijana akawa anaangalia viatu vyake. Mwishowe akasema babu walishamzika, mwezi wa tatu.

Nilitegemea kelele. Bibi shamba akamsogezea kikombe. "Pole, mjukuu wangu. Kadi ya benki anayo nani?" Anayo baba mdogo. Wakamweleza taratibu: cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo, mirathi mahakamani, kisha mfuko upewe taarifa, warithi wana mafao yao kisheria, na bibi yake aliyebaki ndiye anayepunjwa na hiyo kadi kuzunguka mfukoni mwa baba mdogo. Halafu mama mhasibu, ambaye muda wote alikuwa hajainua kichwa, akasema bila kupandisha sauti: "Na hizo za tangu mwezi wa nne zitadaiwa. Mwambie baba yako mdogo mapema." Kijana alipoondoka, mzee mmoja benchini alinung'unika kwamba familia ni maskini, wangemwacha. Mama mhasibu akamjibu kwamba anayelipwa akiwa kaburini analipwa kutoka kwa muuguzi yule pale, akaninyoshea kalamu. Sikujua niseme nini, nikanywa chai.

Sasa kikokotoo, maana ndicho mnachokitaka wengi. Mama mhasibu ana ubao mdogo mweupe na hakufichi kitu. Alichukua mtu wa mfano: wastani wa mshahara wa miaka yake mitatu bora ni milioni moja kwa mwezi, na ana miezi 360 ya utumishi. Pensheni ya mwaka ni mshahara wa mwaka mara miezi ya utumishi mara sehemu kama 1/540; fungu lake moja linazidishwa kwa kizidisho na kulipwa kwa mkupuo, yaani mara moja ukistaafu, na linalobaki linagawanywa kwa 12 na kulipwa kila mwezi. Kwa kanuni ya zamani ya waliokuwa kwenye mifuko ya PSPF na LAPF, yaani 1/540, nusu kwa mkupuo na kizidisho cha 15.5, mtu huyo aliondoka na milioni 62 mkononi na pensheni ya 333,333 kila mwezi. Kwa kanuni iliyoanza Julai 2022, yaani 1/580, asilimia 33 na kizidisho cha 12.5, mkupuo ni kama milioni 30.7 na pensheni 415,862. Bajeti ya 2024/25 ilipopandisha mkupuo wa waliokuwa PSPF na LAPF hadi asilimia 40, hesabu ikawa milioni 37.2 mkononi na 372,414 kwa mwezi. Andikeni pembeni, muache kubishana kwenye chumba cha chai.

Ukiona namba hizo unanuna, na mimi nilinuna. Milioni 62 ni nyumba ya kumalizia na ng'ombe wawili wa maziwa juu yake. Na benchi lile limegawanyika hasa. Walimu wanataka 1/540 irudi, wanakumbusha jinsi kanuni za 2018 zilivyotaka mkupuo wa asilimia 25 kwa wote hadi Rais Magufuli alipozisimamisha tarehe 28 Desemba mwaka huohuo baada ya kelele za wafanyakazi. Kelele zilifanya kazi mara ile, wanasema, kwa nini zisifanye tena? Mama mhasibu anawajibu kwa swali: mkupuo ule ulikuwa unatoka wapi?

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo miaka yote ya kukatwa sikuwahi kuelezwa. Sisi tulioajiriwa Serikali Kuu kabla ya 1999 hatukuwa tunachangia. PSPF ilianzishwa kwa sheria ya 1999, makato yakaanza, lakini miaka yetu ya nyuma ilihesabiwa kwenye mafao kama kawaida. Yangu ni minane. Mfuko ukawa unalipa watu kwa miaka ambayo haukupokea hata senti, ukisubiri Serikali ifidie, na fidia ikachelewa mno. Mwaka 2018 mifuko minne, PSPF, LAPF, PPF na GEPF, iliunganishwa kuwa PSSSF, na deni likahamia huko. Desemba 2021 Serikali ilitoa hati fungani maalum isiyo ya fedha taslimu, yaani hati ya deni badala ya pesa mkononi, ya shilingi trilioni 2.17 kulipa sehemu yake. Kwa hiyo ninaposikia "mfuko umefilisiwa na wajanja" najua sasa kwamba sehemu ya tundu hilo ni mimi mwenyewe, wodini, 1991 hadi 1999, nikiwa na haki yangu yote, na aliyetakiwa kuliziba ni mwajiri wangu.

Mimi nipo upande wa mama mhasibu, na walimu wanisamehe. Kudai asilimia kubwa bila kudai deni lilipwe na michango iwasilishwe kwa wakati ni kugombania maji ya ndoo inayovuja. Sheria inataka mtumishi akatwe asilimia 5 na mwajiri aweke 15. Hiyo 15 ndiyo ya kufuatilia. Na wao wanaifuatilia: kila ripoti ya CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ikitoka wanaikalia, wanasoma kurasa za mifuko ya hifadhi, wanatoa nakala, wanaandika barua kwa wabunge wa mkoa. Nimeonyeshwa jalada la barua hizo. Majibu yaliyomo ni machache kuliko barua, lakini yapo.

Ukutani wamebandika orodha ya namba za simu za matapeli zilizoletwa na wastaafu. Mtindo ni uleule: "Mama shikamoo, napiga kutoka makao makuu Dodoma, faili lako liko mezani kwangu, tuma hela kidogo lisogee." Chini ya orodha wameandika kwa maka nyekundu kwamba hakuna anayelipia mafao yake. Pia wanapambana na kausha damu, wakopeshaji wanaoshika kadi ya benki ya mstaafu na namba ya siri, pensheni ikiingia wanaitoa wao kwanza. Karani wa mahakama amekwenda na wastaafu kadhaa kudai kadi zao, anasema wengi wa hao wakopeshaji wakiona mtu anajua sheria wanalainika.

Kasoro. Ngazi ni kali na hazina mahali pa kushika, jambo la ajabu kwa huduma ya watu wenye magoti kama yetu. Nimeona mzee akipandishwa na wajukuu wawili. Hakuna namba za foleni. Anayesalimia kwa Kinyakyusa kizuri anaingia mbele ya aliyetoka Mbarali asubuhi. Karani wa mahakama akianza habari ya kesi zake za Tukuyu hakatishwi na mtu. Kompyuta ni moja na wanamtegemea binti wa dukani chini aipandie pale akipata nafasi, kwa hiyo mambo ya mtandaoni yanakwenda kwa kudra. Kubwa kuliko yote: hakuna faragha. Mshahara wangu wa msingi sasa unajulikana na benchi zima, na mmoja wao tunasali naye. Nimewaambia waweke hata pazia. Wamecheka.

Ukienda, beba barua ya ajira ya kwanza, ya kuthibitishwa kazini, za kupandishwa daraja, hati za mshahara kadiri ulizonazo, kitambulisho cha NIDA, na taarifa ya michango uliyoichapisha mwenyewe ili usimsubiri yule binti. Beba na mia mia za fotokopi; wao wenyewe hela hawapokei. Mwaka huu nimeona wamekubali maziwa na mkungu wa ndizi, bahasha ikarudishwa. Vaa koti, chumba hakipati jua na Julai ya Mbeya mnaijua. Kama unatoka Tukuyu, panda gari la kwanza. Wao wanasema wanafunga saa tisa, lakini mzee mwenye ufunguo anakaa Mbalizi, na saa nane anaanza kukusanya vikombe.